Kampuni imekufa, hakimiliki bado iko hai

SWALI: Marehemu mjomba wangu ameniachia sanduku la gemu za zamani: kaseti za konsoli za miaka ya themanini na tisini, flopi za kompyuta na CD kadhaa. Kampuni nyingi zilizozitengeneza zilishafungwa, na gemu zenyewe haziuzwi tena popote. Flopi mbili tayari hazisomeki. Nataka kuzinakili zote kwenye kompyuta, kisha niziweke mtandaoni zisije zikapotea, na wengine nao wafaidi. Rafiki yangu mmoja anasema huo ni uharamia. Mwingine anasema gemu iliyopita miaka ishirini ni ya kila mtu. Nimsikilize yupi?

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mjomba, na ahsante kwa kutolitupa sanduku lake. Wengi hulitupa siku ya kugawana vitu, kwa sababu halionekani kuwa mali.

Nianze na rafiki wa pili, maana kosa lake ndilo lililoenea. Hiyo miaka ishirini nadhani ameichanganya na hataza ya uvumbuzi, ambayo kweli hudumu kama miaka 20. Hakimiliki ni jambo jingine. Marekani, kazi iliyofanywa na waajiriwa wa kampuni hulindwa miaka 95 tangu itolewe. Japani ni miaka 70. Ilikuwa 50 kwa kazi nyingi, wakaiongeza mwishoni mwa 2018. Ulaya kwa kawaida huhesabu uhai wa mtunzi na kuongeza miaka 70 baada ya kifo chake, na kazi ya watunzi wengi humngoja wa mwisho wao afariki ndipo hesabu ianze. Kwa hiyo Pac-Man, iliyotoka 1980, itakuwa mali ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2076. Super Mario Bros. ya 1985 itangoja hadi 2081. Mimi sitakuwepo, na mjomba wako hakufika hata nusu ya njia.

Sasa hesabu upande wa pili: umri wa kitu kinachobeba gemu. Flopi hushika data kwa sumaku, na sumaku hiyo hufifia. Ukungu nao hupenda sana ule utando wa kahawia. CD zilizochomwa nyumbani hufa mapema kuliko za kiwandani. Kaseti zina afya nzuri zaidi, kwani chipu zilizotengenezwa kiwandani zikiwa na gemu ndani ni ngumu kweli, ila meno ya shaba hushika kutu, na mashine ya kuzichezea mara nyingi hutangulia: kapasita huvuja, maji yake yakala njia za umeme kwenye bodi. Flopi zako mbili zimekwisha kukupa jibu. Kitu kitaoza zamani sana kabla haki haijaisha. Mtu akiamua kutii sheria kwa kukaa na kusubiri tu, siku ya ruhusa ikifika atakuta plastiki.

Hapo ndipo uhifadhi wa gemu unapotofautiana na uhifadhi wa vitabu. Kitabu ukikiacha kwenye rafu kavu miaka mia, utakikuta. Gemu ukiiacha hivyo umeiua. Kuihifadhi ni kuinakili, tena na tena, kutoka chombo kinachokufa kwenda chombo kipya, na kunakili ndilo tendo la kwanza kabisa ambalo hakimiliki inalizuia bila idhini.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kwa ukatili wake. Kuanzia 1993, Capcom ilitengeneza bodi za mashine za kuchezea kwa sarafu zilizoitwa CPS-2. Programu ya gemu ilisimbwa kwa siri, na ufunguo wa kuisimbua ukawekwa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo. Betri ikiisha, ufunguo unafutika na bodi haiwaki tena. Wakusanyaji waliziita betri za kujiua. Kufuli lilikusudiwa kuwazuia wezi wa gemu, lakini aliyenunua kwa halali naye alijikuta na mali inayojihesabia siku. Zilinusurika kwa sababu kuna watu waliokaa wakauchambua usimbaji ule mpaka wakaufungua. Mmojawao, Nicola Salmoria, ndiye aliyeanzisha MAME mwaka 1997, mradi wa kuandika kwa programu jinsi kila mashine ya namna hiyo ilivyofanya kazi. Hakuna aliyewatuma, na hakuna aliyewalipa.

Tuje kwenye kampuni zilizofungwa. Kufa kwa kampuni hakuiachi gemu huru. Hakimiliki ni mali kama kiwanja. Kampuni ikifilisika, mfilisi huiuza pamoja na meza na viti, na mnunuzi anaweza kuwa benki, mdai, au kampuni nyingine ambayo haijui hata imenunua nini. Uingereza, mali ya kampuni iliyofutwa kwenye daftari, hakimiliki ikiwemo, ikiwa haina mwenyewe huangukia Taji, yaani dola. Kwa hiyo mwenye haki yupo karibu siku zote. Kumpata ndiyo kazi.

Na usidhani ukimtafuta kwa nia njema utampata. The Operative: No One Lives Forever ni gemu ya kompyuta ya mwaka 2000, ya upelelezi na vichekesho, iliyosifiwa sana. Iliundwa na Monolith na kutolewa na Fox Interactive. Baadaye Fox Interactive ilinunuliwa na Vivendi, Vivendi ikaungana na Activision, na Monolith ikachukuliwa na Warner Bros. Kampuni ya Night Dive, ambayo biashara yake ni kufufua gemu za zamani, ilitaka kuitoa upya kwa njia zote halali. Ikajikuta inabisha hodi kwenye milango mitatu mikubwa, na hakuna mlango uliofunguka na mtu akasema kwa uhakika, haki ni zangu, hizi hapa hati. Mikataba ilikuwa imesainiwa enzi za karatasi na majalada yametawanyika. Hata hivyo, Night Dive ilipoomba kusajili jina la gemu kama alama ya biashara, Warner ilijitokeza kupinga. Mpango ukafa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali imepotea, lakini anayetaka kuiokota bado anaweza kushtakiwa.

Wanasheria huziita kazi za namna hii kazi yatima. Utasikia pia watu wakizungumzia gemu zilizotelekezwa, kana kwamba ni daraja fulani la kisheria. Si daraja la kisheria. Ni maelezo ya hali: haiuzwi, haidaiwi, hakuna anayelalamika. Mwenyewe akizinduka kesho, haki zake zote ziko pale pale.

Kabla hujawahurumia sana wenye haki, jua kwamba hata wao si watunzaji wazuri. Konami ilipotaka kutoa upya Silent Hill ya pili na ya tatu mwaka 2012, haikuwa na msimbo wa mwisho, yaani maandishi ya programu, wa gemu zake yenyewe. Waliopewa kazi walianzia kwenye matoleo ambayo hayajakamilika, na wachezaji waliona kasoro zake siku ya kwanza. Square Enix nayo ilipoteza sehemu kubwa ya mafaili asilia ya Kingdom Hearts, ikalazimika kuyaunda upya kutoka kwenye gemu iliyokwisha kuuzwa. Na msimbo wa Prince of Persia ya 1989 ulionekana mwaka 2012 kwenye boksi nyumbani kwa baba yake mtunzi, Jordan Mechner, ukiwa kwenye flopi za Apple II. Zilisomeka. Nimewaona watu wazima wakifurahia habari ile kama ya mtoto aliyepotea na kupatikana. Sanduku la mjomba wako ni boksi la namna hiyo hiyo, ingawa sitaki nikupe matumaini ya hazina: uwezekano mkubwa ni kwamba gemu nyingi zilizomo tayari zimenakiliwa na mtu mahali fulani.

Basi wewe binafsi unaweza kufanya nini? Kaseti ni yako, umeirithi. Unaweza kuicheza, kuiuza, kuigawa au kuipa makumbusho, na mwenye hakimiliki hana la kusema. Ulichomiliki ni kile kitu. Gemu iliyomo bado ina mwenyewe. Kuinakili ndiko kunakogusa haki zake, na hapo sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi.

Marekani, kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki humruhusu mwenye nakala halali ya programu ya kompyuta kutengeneza nakala ya akiba, kwa sharti kwamba akiachana na ile ya asili, ya akiba aikabidhi pamoja nayo au aiharibu. Flopi zako zinaingia hapo bila shida kubwa. Kaseti zina kisa chake. Mwaka 1983 Atari iliishtaki kampuni moja iliyouza kifaa cha kunakilia kaseti za Atari 2600. Kampuni ilijitetea kwa kifungu hicho hicho: tunawasaidia wateja kuweka akiba. Mahakama ikakataa. Ilisema kifungu kililenga vyombo vinavyoweza kuharibika kwa hitilafu ya umeme au ya mitambo, na kaseti ya ROM, yaani yenye zile chipu za kiwandani, haiko katika hatari ya namna hiyo. Ni uamuzi wa mahakama ya wilaya tu, haufungi mikono ya mahakama nyingine, na ulitolewa kaseti zile zikiwa bado zina harufu ya dukani. Hakimu wa leo akiwekewa mezani kaseti ya miaka arobaini inayokataa kuwaka, nadhani angesita. Lakini nadhani si ulinzi, na ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba akiba ya kaseti ni halali kama nilivyosema kuhusu flopi.

Ulaya nako agizo la programu za kompyuta hulinda haki ya kuwa na akiba. Tatizo ni kwamba mwaka 2014, katika kesi ya Nintendo dhidi ya PC Box, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema gemu ni zaidi ya programu: ina picha, muziki, hadithi, na hivyo vyote hulindwa kwa kanuni pana zaidi za hakimiliki. Ndiyo maana mtu anayekunukulia kanuni ya programu na kukuambia basi gemu imeruhusiwa, amesoma nusu ya ukurasa.

Kwa uzoefu wangu, hakuna anayekuja kugonga mlango kwa sababu ya nakala moja uliyojifanyia ya kitu ulicho nacho mkononi. Sisemi hivyo kukupa ruhusa. Nasema ili ujue hatari halisi iko wapi, na iko sehemu mbili: kuvunja makufuli, na kusambaza.

Makufuli kwanza. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria iitwayo DMCA, ambayo kifungu chake cha 1201 kinakataza kuvunja kufuli la kidijitali linalozuia kuifikia kazi, na kwa jinsi kinavyosomwa mara nyingi, hakijali kama ulichotaka kufanya ndani kilikuwa halali. Nchi nyingi zina sheria inayofanana nayo. Kwako habari ni nzuri kiasi: kaseti za miaka ya themanini na tisini kwa sehemu kubwa hazikusimbwa, na kifaa cha kuzisomea husoma tu kilichomo. Kadiri diski zilivyoendelea kuwa za kisasa, ndivyo kufuli lilivyozidi kuwa zito. Ukikutana na CD inayodai ufunguo au inayokataa kusomwa mpaka uidanganye, hapo simama uulize mwanasheria wa nchi yako.

Kuhusu emuleta, yaani programu inayojifanya konsoli ya zamani, watu wengi huamini ni haramu. Si haramu yenyewe. Mwaka 1992, katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade, mahakama ya rufaa ya California na majimbo jirani ilikubali kwamba kunakili programu ili kuichambua na kuelewa mashine inavyofanya kazi kunaweza kuwa matumizi ya haki, yaani yasiyohitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Mwaka 2000 mahakama hiyo hiyo ilirudia hoja hiyo kwa Connectix, iliyokuwa imetengeneza programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye Macintosh. Sony ilishindwa kesi, kisha ikainunua programu ile na kuizima. Kampuni nyingine, Bleem, nayo ilipata ushindi mahakamani dhidi ya Sony, lakini gharama za kesi ziliimaliza, ikafungwa 2001. Ndiyo sheria ilivyo: unaweza kuwa na haki na bado ukafilisika ukiitetea. Mambo yamekuwa magumu zaidi tangu konsoli zianze kusimba kila kitu. Mwaka 2024 waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kuiacha kazi. Yalikuwa maafikiano, kwa hiyo hakuna hakimu aliyeamua nani alikuwa na haki, na hoja kuu ya Nintendo ilikuwa kuvunjwa kwa makufuli. Kwa kaseti zako za kale, emuleta haina neno.

Sasa kusambaza, na hapa rafiki yako wa kwanza ameshinda. Usiziweke mtandaoni. Kupandisha gemu yenye hakimiliki ili yeyote aipakue ni ukiukaji wa wazi, hata bila kutoza senti, hata kwa nia safi kama yako. Marekani, mahakama inaweza kuamuru fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kwa aliyefanya kwa makusudi, bila mwenye haki kuthibitisha hasara yoyote. Zidisha kwa idadi ya kaseti ulizo nazo. Mwaka 2018 waendeshaji wa tovuti ya LoveROMs waliishia na hukumu ya zaidi ya dola milioni 12 katika maafikiano na Nintendo, na 2021 mwendeshaji wa RomUniverse, aliyejitetea mwenyewe bila wakili, aliamriwa kulipa zaidi ya milioni 2. Hao walikuwa na tovuti kubwa za biashara, na wewe huna. Ila sheria iliyowakamata haina mizani ya kupima ukubwa wa moyo.

Najua utasema, basi zitapotea. Ni haki yako kusema hivyo. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation, pamoja na Software Preservation Network, lilichapisha uchunguzi wa gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010. Asilimia 87 hazikuwa zikiuzwa tena kwa namna yoyote. Anayetaka kuzicheza ama atafute kaseti ya mtumba na mashine yake, ama asafiri hadi kwenye hifadhi, ama aingie kwenye uharamia. Wachunguzi walizilinganisha na filamu bubu za Marekani, ambazo ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili. Filamu zile ziliungua na kuoza, basi. Gemu hizi nyingi bado zipo. Zimefungiwa tu.

Na jambo linaloniudhi zaidi katika kazi hii ni hili: zimefungiwa hata ndani ya maktaba. Nilikwambia kifungu cha 1201 kinakataza kuvunja makufuli. Wabunge walijua kitawaumiza wasio na hatia, wakaacha dirisha: kila baada ya miaka 3, Mkutubi wa Bunge la Marekani, kwa ushauri wa Msajili wa Hakimiliki, anaweza kutoa misamaha. Mwaka 2003 msamaha ulitolewa kwa programu na gemu zilizo kwenye vyombo vilivyopitwa na wakati. Mwaka 2015 ukaja wa gemu zinazokataa kuwaka kwa sababu seva ya kuzithibitisha imezimwa. Mwaka 2018 ukapanuliwa, makumbusho na maktaba zikaruhusiwa kuzifufua hata gemu za mtandaoni kabisa. Lakini sharti moja limeng'ang'ania: gemu isitoke nje ya jengo. Mtafiti aje mwenyewe, akae kwenye kiti chao.

Mwaka 2021 programu nyingine za kompyuta ziliondolewa sharti hilo. Mtafiti anaweza kufunguliwa programu ya zamani ya hesabu za ofisi akiwa kwake, kwa masharti. Gemu zikabaki. Kwa hiyo duru iliyofuata maktaba ziliomba ruhusa ile ile kwa gemu: mtafiti mmoja kwa wakati, kwa ajili ya utafiti, baada ya kueleza anachotafuta. Chama cha watengenezaji wa gemu wa Marekani, ESA, kilipinga. Katika kikao cha 2024 wakili wake aliulizwa ni masharti gani wanachama wake wangeyakubali, akajibu kwamba kwa sasa hakuna mchanganyiko wowote wa masharti ambao wangeuunga mkono. Oktoba 2024 ombi likakataliwa, kwa ushauri wa Msajili. Hoja iliyobeba uzito ni hofu kwamba watu watajifanya watafiti kumbe wanataka kucheza, na soko la gemu za zamani zinazotolewa upya litaumia.

Hofu yenyewe si ya kubuni. Gemu za zamani hutolewa upya, na huuzwa. Ila tafakari kinachotokea kwenye kazi nyingine. Mwanafunzi wa fasihi husoma riwaya adimu na pengine huifurahia, na hakuna anayeiona furaha yake kama ushahidi wa wizi. Gemu pekee ndiyo inayodaiwa ichunguzwe kwa uso uliokunjamana. Na tangu Januari 2025 Video Game History Foundation ina maktaba ya mtandaoni ambako yeyote anaweza kusoma majarida ya gemu ya miaka ile, zaidi ya matoleo 1,500. Utasoma uhakiki wa gemu ukiwa kitandani kwako. Gemu iliyohakikiwa, hapana.

Ulaya imekwenda mbele kidogo. Agizo la hakimiliki la 2019 linazitaka nchi wanachama ziruhusu taasisi za urithi kunakili chochote kilichomo kwenye makusanyo yao ya kudumu kwa ajili ya kukihifadhi, na mikataba haiwezi kuizuia ruhusa hiyo. Ufaransa imekuwa ikidai kisheria tangu 1992 kwamba kazi za namna hii zipelekwe maktaba ya taifa, kama vitabu. Ruhusa ya kunakili, hata hivyo, si ruhusa ya kumfungulia msomaji aliye mbali, na kwa gemu mlango huo huko pia bado ni mwembamba.

Gemu za mtandaoni nitazipita haraka, kwa sababu sandukuni mwako hazimo. Huko kaseti haikuokoi, kwani nusu ya gemu huishi kwenye seva ya mwenyewe. Ubisoft ilizima seva za The Crew mwishoni mwa Machi 2024, na walioinunua wakabaki na jina tu. Hilo ndilo lililozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo Julai 2025 ilivuka saini milioni moja za wananchi wa Umoja wa Ulaya. California nayo, tangu 2025, inamtaka muuzaji wa kidijitali aseme waziwazi kwamba mnunuzi anapewa leseni, si umiliki. Ni ukweli mchungu, lakini angalau sasa umeandikwa kwenye risiti.

Turudi kwenye sanduku. Nikiwa mahali pako, ningefanya hivi. Ningeanza na flopi, leo kabla ya kesho, na nisingeziingiza kwenye kiendeshi chochote cha zamani kilichookotwa, maana kichwa kichafu hukwangua utando na flopi ya pili hufuata ya kwanza. Kuna vifaa kama Greaseweazle vinavyosoma ile sumaku yenyewe badala ya mafaili, na mara nyingine huokoa flopi ambayo kompyuta imeikatia tamaa. Hata hizo mbili usizitupe. Ukiona ukungu, usijaribu mwenyewe. Tafuta hifadhi au mtu aliyewahi kuusafisha.

Kisha andika orodha: jina, mwaka, nchi iliyotolewa, hali, kama kuna kijitabu na boksi. Piga picha kila lebo. Orodha na maelezo yako ni kazi yako mwenyewe, na hizo unaweza kuziweka mtandaoni bila hofu yoyote. Ndizo pia hifadhi huzitaka kwanza kabla hazijajibu barua yako. Ukisoma kaseti au CD, linganisha alama ya utambuzi ya faili lako, yaani tarakimu ambazo programu huzikokotoa kutoka kwenye faili lenyewe, na zilizoorodheshwa na No-Intro kwa kaseti na Redump kwa diski. Miradi hiyo huorodhesha alama za nakala sahihi zinazojulikana. Faili likilingana, basi gemu hiyo imeshasalimika, na wewe una kumbukumbu ya familia. Lisipolingana, mara nyingi ni kaseti iliyochoka au usomaji mbaya, lakini mara chache ni toleo ambalo hakuna aliyelisajili. Hapo ndipo ungewasiliana na The Strong, makumbusho ya michezo kule Rochester, New York, au makumbusho ya kompyuta iliyo karibu nawe, uwape kitu chenyewe. Taasisi ina vifungu vya sheria vinavyoilinda ambavyo mimi na wewe hatuna.

Flopi zisizo na lebo ya duka zitazame kwa jicho jingine. Ikiwa mjomba aliandika programu zake mwenyewe, na vijana wengi wa enzi hizo waliandika, hakimiliki yake haikuzikwa naye. Imepita kwa warithi, na kwa hizo ninyi ndio mnaoamua kama zichapishwe.

Jambo la mwisho ningelifanya kabla hata ya kugusa bisibisi. Baadhi ya kaseti, kama The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987, zina betri ndogo ndani inayoshikilia mahali mchezaji alipofikia. Betri hizo sasa zinakufa, na watu wazuri huzibadilisha kwa haraka bila kukumbuka kwamba ukiitoa tu, kila kilichohifadhiwa kinafutika papo hapo. Gemu utaipata tena kwa namna moja au nyingine. Jina ambalo mjomba aliliandika alipoanza kucheza, na chumba alichokuwa amesimama mara ya mwisho alipozima mashine, haviko kwenye orodha ya mtu yeyote. Kifaa kile kile cha kusomea kaseti huweza kukisoma kilichohifadhiwa nacho kama faili la pembeni. Lisome kwanza, lihifadhi mahali pawili, kisha badilisha betri.